Bosi wa zamani akikuharibia jina Dodoma: uanzie wapi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuajiri watu, kwanza kwenye kampuni ya ujenzi iliyokuja Dodoma na wimbi la kujenga mji wa serikali pale Mtumba, kisha kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali. Sehemu ya kazi hiyo ni kumpigia simu mwajiri wa zamani wa mtu tunayetaka kumchukua. Waombaji wengi hudhani huko kwenye simu wanatukanwa. Mimi ni mara chache sana niliambiwa "mwizi huyo" au "mlevi huyo". Nilichokisikia mara nyingi ni pumzi. "Nani? Aaah, yule. Mmh." Halafu kimya. Halafu: "Mimi sipendi kumharibia mtu riziki, muulizeni mwenyewe aliondokaje hapa." Simu ikikatwa, mtu ameshaharibiwa, na hakuna neno hata moja ambalo angeweza kulipeleka kwa wakili.

Ndiyo maana sianzii mahakamani. Huwezi kuishitaki "mmh". Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba sauti ya bosi wako wa zamani si sauti pekee inayosikika juu yako, na kwamba kila anachokigusia kina karatasi inayokijibu.

Ukubwa wa mji usikudanganye. Serikali ilianza kuhamia hapa 2016, Dodoma ikawa jiji 2018, maghorofa yamepanda hadi Ihumwa, lakini kwenye mambo ya ajira bado tunaishi kama kijiji. Mhasibu wa lodge ya Area D amesoma chuo cha biashara, CBE, na mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Sabasaba. Mwenye shule ya Kisasa anasali na meneja wa kampuni unayoiombea kazi. Hilo linakuumiza, lakini utaona mbele kwamba linaweza pia kukubeba.

Usiku wa kwanza

Habari hizi huja jioni. Binamu anapiga: "Ile kazi umeikosa, bosi wako kakuchomea utambi." Mkono unakwenda wenyewe kwenye status ya WhatsApp. Weka simu chini.

Niliwahi kusikilizishwa ujumbe wa sauti ambao mwombaji wetu alimtumia mwajiri wake wa zamani usiku, dakika tatu nzima za matusi. Aliyetusikilizisha ni yule mwajiri mwenyewe, na hakulazimika kuongeza neno. Kijana alikuwa na haki katika nusu ya aliyoyasema, lakini nani angekaa kuchambua nusu ipi? Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakubana wewe kama inavyombana yeye. Inagusa taarifa za uongo, na inagusa pia ujumbe wa kutisha au kumsumbua mtu.

Usiku huo fanya moja tu: chukua daftari, andika nani amekuambia, tarehe, na maneno yale yale uliyoyasikia. Ukiandika "kanichafua" umeandika hasira yako. Andika "alisema nilitoka na hela ya mauzo ya Jumamosi", kama ndivyo ulivyoambiwa. Andika pia kama aliyekupa habari alisikia kwa masikio yake au naye ameambiwa.

Pata kilichosemwa hasa

Njia iliyo safi ni kuiuliza ofisi iliyokunyima kazi. Watu wanaogopa kufanya hivi, na wakifanya huandika kama wanaoleta kesi. Andika hivi:

"Habari za kazi, dada. Mimi ni fulani, nilifanya usaili kwenu tarehe fulani kwa nafasi ya utunza stoo. Nimeelewa kwamba sikuchaguliwa na naheshimu uamuzi wenu. Naomba kuuliza jambo moja: je, kuna taarifa kutoka kwa mwajiri wangu wa awali iliyowatia shaka? Kama ipo, niko tayari kuleta nyaraka za kuifafanua, hata kama nafasi imeshajazwa."

Wengi hawatajibu. Mimi nilijibu barua za aina hii mara mbili au tatu, tena kwa kupiga simu, si kwa maandishi, kwa sababu mwandishi alinipa njia ya kumsaidia bila kunitia matatani. Yale maneno "hata kama nafasi imeshajazwa" ndiyo yaliyonilegeza.

Kuna wanaomtuma rafiki ampigie bosi akijifanya mwajiri mpya ili kusikia atakachosema. Siipendi. Ni uongo, na hapa mjini ni uongo usiofika mbali: najua wa mmoja ambao bosi aliitambua sauti kwa sababu huyo rafiki ndiye aliyekuwa akimletea maji ya chupa ofisini.

Ukishapata maneno, tazama ni ya aina gani. Kusita na kuguna hutibiwa kwa wadhamini wengine. Maoni, kama "ni mvivu" au "hashauriki", hayafiki mbali kisheria. Jibu lake ni ushahidi wa kazi zako. Tuhuma ya jambo mahususi, "aliiba", "alighushi vyeti", "alitoroka", ndiyo nzito, kwa sababu ama ni kweli ama si kweli, na inaweza kuthibitishwa. Ikiwa imeandikwa, iwe barua, tangazo au ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wenye lodge, piga picha ya skrini ikionyesha jina au namba ya aliyetuma na tarehe. Mwombe aliyekutumia asiifute kwake. Picha ya skrini iliyopita mikono mitano ni ngumu kuitetea kuliko ile iliyo kwenye simu ya aliyeipokea.

Ukweli wa upande wako

Hapa ndipo wengi wanaponikasirikia. Kabla hujaenda popote, jiulize kama kuna kipande cha kweli.

Nakumbuka mtunza stoo mmoja aliyekuwa kwenye mradi njia ya Ihumwa. Mshahara ulichelewa miezi miwili, Ijumaa moja akaondoka, Jumatatu hakurudi. Funguo za stoo zilibaki mfukoni mwake. Kila alikoomba kazi, mkandarasi alisema: "Alitoroka na funguo." Yeye aliita fitina. Lakini mtu anayeondoka bila notisi na funguo mfukoni, ukimwambia hakutoroka utasema alifanya nini? Kucheleweshewa mshahara lilikuwa dai halali kabisa, ila lilikuwa dai lingine, na alikuwa amelifunika kwa kosa lake mwenyewe.

Nilimshauri arudi. Alikwenda na mjomba wake, mtu mzima anayeheshimika pale, wakahesabu mali pamoja na mtunza stoo mpya, wakaandika makabidhiano, wakasaini pande zote na mjomba akasaini kama shahidi. Ilikuwa karatasi moja ya daftari la mistari yenye muhuri wa kampuni. Tangu siku hiyo, mkandarasi akisema "alitoroka na funguo", yeye anatoa karatasi mezani. Madai ya mshahara akayafuata kwa njia yake.

Kama kilichosemwa ni kweli tupu, kesi ya kashfa, yaani ya kuharibiwa jina, haitasimama, maana ukweli ni utetezi. Kazi yako hapo ni kurekebisha kinachorekebishika na kujifunza kukieleza bila kujikanyaga.

Karatasi, moja baada ya nyingine

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokwisha, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Usikichanganye na barua ya mapendekezo. Cheti kinathibitisha kwamba ulifanya kazi pale. Ni haki yako. Barua ya kukusifia ni hiari yake, usiombe mahali ambapo unajua utanyimwa.

Kiombe kwa barua fupi isiyo na lawama. Toa nakala mbili, peleka mapokezi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Wakikataa kupokea, itume Posta kwa rejista na utunze risiti. Hiyo risiti ni kitu kidogo kinachoonekana cha kizamani, lakini mbele ya msuluhishi ina sauti kuliko "niliwapelekea wakakataa".

Kusanya na vingine: mkataba, hati za mshahara, barua ya kuthibitishwa kazini, barua yako ya kuacha kazi, makabidhiano, na taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Mwajiri akisema "huyo hatukuwahi kuwa naye, alikuwa kibarua tu," michango ya miezi thelathini inamjibu. Kama huna nakala ya mkataba, mwombe: sheria inamtaka atunze maelezo ya maandishi ya ajira yako kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha.

Nenda mkaongee

Najua hutaki. Hata hivyo mambo mengi niliyoyaona yakiisha yaliishia hapa, sebuleni au chini ya mwembe wa mtu, si kwenye korti.

Usiende peke yako na usiende na umati. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu: mzee wa kanisa au wa msikiti, msimamizi wako wa zamani, mfanyabiashara mwenzake. Hapa ndipo ule ukijiji wa Dodoma unapokubeba. Kuna bosi ambaye barua ya wakili angeitupa kapuni, lakini mzee wa kwao Mpwapwa akimwamkia "mbukwa" na kuomba maji ya kunywa, itabidi amsikilize.

Usimwombe akusifie. Usimlazimishe akiri kwamba alikuchafua, maana atakataa na kikao kitakwama hapo. Omba jambo moja ambalo linamgharimu kidogo: akipigiwa simu ataje tarehe uliyoanza, tarehe uliyomaliza na cheo chako, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mzee kabisa?"

"Nimekuja naye kwa heshima, mama. Najua hatukuachana vizuri, na mengine nilikosea. Sikuja kuyafufua. Naomba tu, mtu akikuuliza habari zangu, umwambie nilifanya kazi hapa kuanzia lini hadi lini, nikiwa karani wa mauzo. Zaidi ya hapo sema huwa huzungumzii waliokwishaondoka."

Sentensi ya mwisho inampa mlango wa kutokea. Bosi wengi wanaoguna kwenye simu si kwamba wamepanga kukuangamiza. Wameulizwa ghafla, wana kinyongo, na hawana jibu lililoandaliwa. Mpe jibu.

Kikao kikiisha, mtumie ujumbe wa shukrani jioni hiyo hiyo: "Ahsante mama kwa muda wako leo, nashukuru kwa kukubali kuthibitisha tarehe na nafasi yangu." Ni adabu, na ni kumbukumbu.

Kama mliachana kwa jambo lililo polisi, au kwa unyanyasaji wa kingono, ruka hatua hii. Hakuna mjomba wa kukupeleka sebuleni kwa mtu aliyekushika bila ridhaa yako.

Wadhamini na usaili

Matangazo ya kazi za serikali yanayotoka Sekretarieti ya Ajira huomba wadhamini watatu wa kuaminika wenye anwani na simu zinazopatikana. Kampuni binafsi nyingi nazo zimeiga. Si lazima mmoja wao awe yule mkubwa wa kule ulikotoka. Anaweza kuwa msimamizi wako wa karibu ambaye naye ameshahama, mhasibu mliyefunga naye hesabu, mkaguzi wa nje, mteja mkubwa, hata msambazaji uliyekuwa ukimpokelea mzigo. Mtu aliyekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko mkurugenzi aliyekuona kwenye kikao cha mwaka. Na tafadhali, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa ni watu wema, lakini ukiwaweka wote watatu wa namna hiyo, mimi niliyekaa upande wa pili nitajiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wa kazini.

Waambie kabla. Mpigie kila mmoja, mweleze kazi unayoomba, mkumbushe jambo moja mlilofanya pamoja. Mdhamini aliyeshtukizwa naye huguna.

Kwenye usaili, ukijua simu itapigwa kwa bosi wa zamani, tangulia. Sentensi mbili au tatu zinatosha: "Mwajiri wangu wa mwisho na mimi hatukuachana vizuri, tulitofautiana kuhusu malipo ya ziada. Makabidhiano yangu haya hapa, na msimamizi wangu wa wakati ule yuko kwenye orodha ya wadhamini." Kisha nyamaza. Ukiendelea kueleza dakika kumi jinsi alivyo mbaya, umenionyesha jinsi utakavyonisema mimi mwakani. Aliyenitangulia kwa namna hii, nikija kusikia "mmh" kwenye simu, nilikuwa tayari najua mmh hiyo inatoka wapi.

Tangazo lenye picha yako

Kuna mtindo wa "Taarifa kwa umma": picha yako ya pasipoti, jina, na maneno kwamba si mfanyakazi wa kampuni tena. Inauma kuiona imebandikwa dukani Majengo. Lakini kama imesema tu kwamba hufanyi kazi pale na wateja wasikulipe kwa niaba ya kampuni, na ni kweli umeondoka, ni vigumu kuiita kashfa. Wakusanya fedha na mawakala wa mauzo hutangazwa hivyo kila siku. Ikiongeza "amefukuzwa kwa wizi" wakati hakuna aliyekutia hatiani, hapo una la kusema.

Ipige picha ikiwa bado ukutani, mahali paonekane. Andika barua ya kutaka iondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako anazozishika mtu na kutaka zisizo sahihi zirekebishwe. Asipojali, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ofisi na muda

Angalia kalenda kwanza. Kama unapinga kuachishwa kazi kwenyewe, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inataka ufike ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama kunyimwa cheti cha utumishi, ni siku 60 tangu ilipozuka. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala yake, unaiwasilisha CMA pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya maana, na "nilikuwa nasubiri bosi apoe" haijawahi kunishawishi hata mimi. Si lazima uwe na wakili: kwenye usuluhishi unaweza kusimama mwenyewe, au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mtu unayemwamini. Mtumishi wa umma ana ngazi za rufaa za kiutumishi ambazo lazima azimalize kwanza.

Maneno yaliyosemwa baada ya wewe kuondoka, miezi au mwaka, kwa kawaida ni suala la kashfa mahakamani. Utatakiwa kuonyesha kwamba maneno yalikuhusu wewe, yalimfikia mtu mwingine, na yalikushushia heshima. Yeye atasema ni ya kweli, au kwamba aliulizwa na mwajiri mwenzake akajibu kwa nia njema. Sheria humlinda anayejibu hivyo hata akikosea, mpaka ionekane alisukumwa na chuki. Kwa hiyo ujumbe wake wa vitisho, kama upo, ni wa thamani.

Kinachowaangusha wengi ni shahidi. Aliyesikia ile simu ni afisa wa kampuni nyingine, ana kazi yake, ana watoto shuleni. Ukimwomba asimame kizimbani atakwambia hakusikia vizuri. Muulize mapema, kwa upole, kabla hujalipa shilingi ya kwanza ya wakili. Akikataa, barua moja ya wakili ya kumtaka bosi akome mara nyingi ndiyo mwisho mzuri wa safari: bei yake inazungumzika, na inamfanya anayeguna aanze kuhesabu maneno. Asiye na uwezo aulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwafahamu.

Na mtakutana tu. Itakuwa kwenye kikao cha harusi, yeye mweka hazina, wewe umeletwa na rafiki wa bwana harusi. Mwamkie kwanza, kaa, toa ahadi yako, na mtu akikuuliza mnajuana vipi, mtajie tarehe na cheo.